Mzee akichoka, wapambe ndo wanatawala

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme langu kuhusu hii ishu ya wanasiasa kuwekewa umri wa kustaafu kwa lazima, maana kila ikizuka watu wanagawanyika fasta, hawa wanasema wazee wote watoke wapishe vijana, wale wanasema kumtoa mtu kisa umri ni kumvunjia heshima na kura ndo iamue. Mi nataka umri uwekwe. Ila sababu yangu sio vijana, maana wapo vijana wabovu kuliko wazee, na wala sisemi kwamba mtu akizeeka akili imeisha.

Sababu yangu ni wapambe.

Kiongozi akishachoka mwili na kiti hataki kuachia, serikali haisimami kumsubiri. Barua zinasainiwa, watu wanateuliwa na kutumbuliwa, hela zinatoka hazina. Sasa nani anafanya hizo kazi? Angalia Algeria. Abdelaziz Bouteflika alipata kiharusi 2013, mwaka uliofuata akagombea tena na akashinda, akaapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na baada ya hapo wananchi wakawa karibu hawamsikii kabisa. Kwenye shughuli za kitaifa na za chama ikawa inaletwa picha yake kwenye fremu, picha kubwa tu, watu wanaisimamia, wanaisalimia, kuna siku mpaka picha ikazawadiwa farasi, na hapo sitanii. Waalgeria wenyewe wakawa wanamwita rais wao "fremu". Ikaenda hivyo mpaka 2019 walipoambiwa anaomba muhula wa 5, ndo wakajaa barabarani wiki kwa wiki na Aprili akajiuzulu. Miaka yote hiyo nchi ilikuwa inaendeshwa na nani? Waandamanaji walikuwa wanamtaja sana mdogo wake, Saïd, mshauri wake pale ikulu, ambaye hakuna mwananchi aliyewahi kumpigia kura.

Na msifikiri ni habari za Afrika tu. Urusi ya wakati wa Sovieti walizika viongozi watatu ndani ya miaka isiyofika 3, Brezhnev Novemba 1982, Andropov Februari 1984, Chernenko Machi 1985. Huyu wa mwisho alichukua nchi akiwa tayari mgonjwa, na wiki chache kabla hajafa wakamtoa kwenye televisheni akipiga kura, kumbe chumba chenyewe kilikuwa cha hospitali kimetengenezwa kifanane na kituo cha kupigia kura. Hebu fikiria mtu aliyekaa chini akapanga ile kazi, sanduku liwekwe wapi, mzee ashikiliwe upande gani ili kamera isione. Huyo ndo alikuwa anatawala. Au tuseme huyo na wenzake.

Uingereza nako, Winston Churchill alipigwa na kiharusi Juni 1953 akiwa waziri mkuu mwenye miaka 78, wananchi hawakuambiwa. Wenye magazeti makubwa walijua na wakakubaliana kunyamaza (hapo Mhariri nakuangalia na wewe). Akaendelea mpaka Aprili 1955, ana miaka 80.

Najua kuna atakayeniletea Woodrow Wilson, aliyekuwa rais wa Marekani. Alipata kiharusi Oktoba 1919 akiwa na miaka 62 tu, na mke wake Edith ndo akawa anaamua karatasi gani imfikie mumewe na ipi isimfikie. Miaka 62, kwaiyo sheria ya umri isingemgusa. Ni kweli. Hakuna sheria itakayozuia kila kitu, na ugonjwa unatakiwa uwe na utaratibu wake. Ila ndo hapo watu wanapendekeza eti badala ya umri tuweke vipimo vya daktari, kila mgombea apimwe akili na mwili. Mi hiyo naiogopa kuliko yote. Daktari anateuliwa na nani? Ripoti anaipeleka kwa nani? Wapambe wale wale walioficha kiharusi watashindwa kupata daktari wa kusema mzee yuko fiti? Na upande wa pili serikali ikitaka kumkata mpinzani inamtafutia daktari wa kusema amechanganyikiwa, kazi imeisha. Tarehe ya kuzaliwa haina mambo hayo. Haibishaniwi, haimdhalilishi mtu, haimchunguzi mzee wa watu hadharani kama anakumbuka leo siku gani.

Maana kudhalilika kwenyewe tumeshakuona. Tarehe 27 Juni 2024 Joe Biden, miaka 81, alisimama kwenye mdahalo na Donald Trump dunia nzima ikamuangalia akipoteza sentensi katikati, na wasaidizi wake kabla ya hapo walikuwa wanasema mzee yuko vizuri tu, nyie ndo mnamuonea. Hazikufika wiki nne akajitoa. Na mwenzake aliyeshinda aliapishwa Januari 2025 akiwa na miaka 78, hajawahi kuapishwa rais wa Marekani mwenye umri mkubwa kiasi hicho. Mpaka Biden anajitoa, taifa la watu zaidi ya milioni 300 lilikuwa linachagua nani kati ya hao wawili amechoka kidogo.

Sasa hoja ya kwamba mpiga kura aamue. Inasikika vizuri ila mbona chini hatumuachii aamue? Marekani huwezi kuwa rais kabla ya miaka 35, useneta 30, na sijasikia mtu akilia kwamba vijana wa miaka 34 wamebaguliwa. Kama katiba inaweza kusema bado hujakomaa, inaweza pia kusema umeshafanya kazi inatosha asante. Alafu mpiga kura anaona nini hasa? Anaona bango lenye picha ya miaka kumi iliyopita, anaona mgombea akipunga mkono jukwaani dakika tano. Seneta Dianne Feinstein alichaguliwa tena 2018 ana miaka 85, muhula miaka 6. 2023 akakosa vikao kwa miezi kwa sababu ya mkanda wa jeshi, kamati yake ikakwama kupitisha majaji, na Septemba mwaka huo akafa akiwa bado seneta, miaka 90. Waliompigia kura 2018 walimpigia kwa alivyokuwa siku ile, na mimi siwalaumu.

Ndo maana hesabu isiwe ya siku ya kuchukua fomu, iwe ya siku muhula unapoisha. Jimbo la North Dakota kule Marekani walipiga kura Juni 2024 wakakubali hivyo hivyo, kwamba asigombee Congress, yaani bunge la Marekani, mtu ambaye atafikisha miaka 81 kabla muhula haujaisha. Kama mahakama zao zitaiacha isimame ni mambo mengine, ila hesabu yao ni sahihi. Mi ningeweka 75. Kanada maseneta wao wanastaafu wakifika 75 tangu 1965 na nchi haijaanguka. Kardinali wa Katoliki akifikisha 80 haingii tena kumchagua papa, lakini bado ni kardinali na anaheshimiwa na anaulizwa ushauri. Penye wazee haliharibiki neno, sawa, ila mzee wa kushauri hahitaji mhuri wala msafara wa magari.

Mtaniambia Mandela. Mandela aliingia ikulu 1994 ana miaka 75 na kwa sheria yangu asingepita, hilo nalikubali na linaniuma. Lakini Mandela alikaa muhula mmoja akaondoka mwenyewe, na mtu anayeondoka mwenyewe hatungiwi sheria. Mahathir Mohamad alirudi kuwa waziri mkuu wa Malaysia 2018 ana miaka 92, akadumu chini ya miaka 2. Wapo, ila ni wa kuhesabu.

Tatizo kubwa kwangu ni lingine kabisa na watu hawaliongelei. Hizi sheria zilikuwepo! Congo Brazzaville katiba ilisema mwisho miaka 70, rais wao Sassou Nguesso alipofika 71 wakapiga kura ya maoni 2015 kikomo kikaondoka. Ivory Coast mwisho ulikuwa 75, katiba mpya ya 2016 ikakifuta, rais wao Ouattara akiwa na 74, na 2025 kagombea tena ana 83 na kashinda. Uganda 2017, hiyo wengi tunaikumbuka, tarehe 27 Septemba wabunge wanarushiana viti, wengine wameshika stendi za maikrofoni kama mikuki, watu wa usalama waliovaa kiraia wanaingia ukumbini kuwatoa wapinzani mzobemzobe, na Desemba ukomo wa miaka 75 ukafutwa. 2021 Museveni akagombea akiwa na 76. Djibouti nao 2025 hivyo hivyo. Ona muda wenyewe, hakuna hata moja iliyofutwa wakati rais ni kijana wa miaka 50. Inafutwa mwenye kiti akikaribia au akishapita, na wanaopiga kelele ifutwe wengi ni wale ambao yeye akiondoka na wao mkate umeondoka.

Kwaiyo kuandika umri peke yake haitoshi. Iandikwe kwamba mabadiliko yoyote ya kipengele hicho hayamhusu aliyeko madarakani wala wabunge waliopiga hiyo kura, yanaanza kwa watakaofuata. Hapo utaona kama kuna mpambe atakayekesha bungeni kukipigania. Na isiwe kwa rais tu, iwe kwa wabunge na maseneta na magavana wote, maana kuna wabunge wanaolala kikao kizima miaka na miaka ila kwa sababu sio marais hatuwaoni. Cameroon wao hata cha kufuta hawana, Paul Biya katangazwa mshindi Oktoba 2025 ana miaka 92, muhula ni miaka 7, piga hesabu mwenyewe.

Na ombi langu kwako Mhariri, wakati wa kampeni mkichapa majina ya wagombea wekeni tarehe ya kuzaliwa pembeni ya kila jina, na picha iwe ya mwaka huo huo sio zile mnazoletewa na ofisi zao, na mgombea akikosa kuonekana wiki mbili andikeni hajaonekana wiki mbili.

Msomaji wako