Barua ya wazi kwa mjomba: usiku wa kuchoma bunduki

Shikamoo mjomba,

Siku ile ya arobaini ya bibi ulinikatiza kabla sijafika popote. Ulisema kukataa vita kule Urusi kulianza kama anasa ya mabwana wenye mashamba, akina Tolstoy yule mwandishi wa riwaya, watu walioshiba. Sikutaka kubishana nawe mbele ya wakwe, ndiyo maana nakuandikia.

Waliomtangulia Tolstoy walikuwa wakulima, wengi wao hata kusoma hawajui. Wanaitwa Wadukhobor. Jina hilo walibandikwa na askofu mkuu mmoja mwaka 1785, kama tusi: wapigana na Roho Mtakatifu. Wao wakalipokea na kuligeuza: naam, tunapigana, ila kwa nguvu ya Roho. Hawakuwa na makasisi wala picha takatifu. Zaburi zao walikaririshana, mzazi kwa mtoto, na kwenye ibada waliinamiana, kwa kuwa Mungu, waliamini, yumo ndani ya kila mtu. Sasa mtu wa imani hiyo utampa bunduki amlenge nani?

Pasaka ya 1895 Matvei Lebedev na wenzake, askari tayari jeshini, walirudisha silaha zao. Wewe uliyekula kiapo unajua uzito wa jambo hilo kuliko mimi. Halafu usiku wa kuamkia sikukuu ya Petro na Paulo, mwaka huohuo, vijiji vya Wadukhobor huko Caucasus, milimani kusini mwa dola ya Urusi, vikakusanya bunduki na majambia, mali yao wenyewe, wakayarundika juu ya kuni, wakamwagia mafuta ya taa na kuwasha, huku wakiimba zaburi. Upande wa Tiflis (Tbilisi ya leo, Georgia) Wakosaki, askari wapanda farasi wa mfalme wa Urusi, waliwavamia kwa mijeledi. Maelfu wakafukuzwa makwao.

Tolstoy aliingia hapo: akawatetea kwa kalamu, na mapato ya riwaya yake ya Ufufuo akayatoa kwa safari yao. Waquaker, Wakristo wengine wanaokataa vita, nao walichangia. Kati ya 1898 na 1899 Wadukhobor wapatao 7,500 walihamia Kanada.

Hoja moja nakuachia. Agizo la kuchoma lilitoka kwa kiongozi wao, Peter Verigin, aliyekuwa uhamishoni Siberia, nao wakatii kama wanajeshi. Najua hapo utanishika.

Amri ya Lenin, kiongozi wa Urusi baada ya mapinduzi, ya Januari 1919, iliyowapa waumini nafasi ya kwenda mahakamani kuomba utumishi usio wa bunduki, tutaibishania nikija. Kahawa iwe chungu, kama kawaida yako.

Mpwa wako