Ukiona kimondo, kaa mbali na dirisha

Mwanangu Neema,

Hapa Mbozi hatujambo, mahindi tumeshavuna. Nakuandikia kwa jambo moja tu.

Juzi usiku nilikuwa natoka jikoni, ghafla uwanja mzima ukawa mweupe, kivuli changu nakiona ukutani. Kuinua macho, moto mkubwa unapita angani kuelekea Zambia, mbele kijani, mkia rangi ya machungwa. Ukameguka vipande vipande, ukazimika, hata "Yesu wangu" sijaimaliza. Wadogo zako wakakimbilia dirishani. Nikawavuta.

Nisikilize hapa, mama. Mwanga hutangulia, kishindo hufuata. Tarehe 15 Februari 2013, asubuhi, jiwe la upana wa mita 20 hivi liliingia juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, kwa mwendo wa kilomita kama 19 kwa sekunde, likapasukia angani, kilomita 30 hivi kutoka ardhini. Watu waliona mwanga unaoshinda jua, wakasimama madirishani kutazama ule moshi ulioachwa mbinguni. Dakika ikapita, kimya. Wakazidi kusogea. Ndipo mshindo ukafika, vioo vikawarukia usoni. Walioumia walikuwa kama 1,500, wengi kwa vioo hivyo. Hakuna aliyekufa, lakini mimi nawaza macho ya watoto.

Bwenini kwenu vitanda vimepangwa chini ya madirisha. Ukiona mwanga wa namna ile, waondoe wenzako kwenye vioo, mkae mbali dakika tano nzima, hata mkisikia kimya. Wakikucheka, wacheke.

Jiwe lenyewe kukuangukia lisikunyime usingizi. Mbale, Uganda, mwaka 1992, vimondo vilinyesha mjini, na kimoja cha gramu zisizofika nne kikamgonga mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia.

Lakini sasa hiki kimondo chetu cha hapa Mbozi nakitazama vingine. Chuma cha tani zaidi ya kumi, kile mlichopandia kupiga picha! Siku zote nimekiona kimelala tu. Kama cha juzi kimeangaza hivi, hiki kilipoingia usiku uligeuka nini?

Nijibu kama mlikiona kile cha juzi huko Iringa, na kama mlisikia sauti, baada ya muda gani. Mwambie mwalimu wako wa jiografia kwamba kwetu kilitokea upande wa mashariki.

Mama yako