Risala ya Wanagenzi wa Uchomeleaji na Uundaji Vyuma kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, viongozi wa chama cha wafanyakazi, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu. Geti uliloingilia asubuhi hii tumelichomelea wenyewe.

Mheshimiwa, siku za mwanzo tuliamini kwamba ungio la vyuma likimeremeta limekamilika. Mkufunzi akachukua ungio la mwenzetu mmoja, zuri kwa juu, akalikata kwa msumeno mbele yetu sote. Ndani tukakuta matundu na takataka za kijiti cha kuchomelea. Akatuambia, "Hili lingekuwa kwenye kenchi ya paa, watu wangekuwa chini yake." Tangu siku hiyo tunapiga nyundo na brashi kila tabaka kabla ya kuweka jingine.

Mambo ya namna hiyo hayaandikiki daftarini, ndiyo maana tunaushukuru sana utaratibu wa uanagenzi. Tunasoma chuoni, kisha tunakwenda kufanya kazi halisi chini ya fundi. Huko tumekunja ringi za kushikia nondo, tumefunga nondo za nguzo, tumepandisha kenchi kwa cheni bloku, yaani mnyororo wa kunyanyulia mizigo.

Pamoja na hayo, changamoto yetu kubwa huanza tukishahitimu. Wengi huishia kuwa vibarua wa kutwa, bila mkataba. Mwaka jana kaka yetu aliyetutangulia alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Hakupewa mkanda wa usalama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ipo, lakini yeye hakuijua, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote pale kazini. Fedha za hospitali tulichangishana sisi.

Tunaomba, kwanza, kila mwanagenzi asaini mkataba kabla ya kukanyaga eneo la kazi. Pili, viongozi wa chama waje kutufundisha mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa haki ya kujiunga na chama, nasi tunaitaka haki hiyo. Kijana mmoja akidai mkanda ataambiwa nafasi yake wapo wanaoitaka. Tukidai kwa pamoja, mwajiri atakaa mezani. Tatu, tunaomba vioo vya kofia za kuchomelea, kwani vilivyopo vimechakaa na wenzetu hulala macho yakiwasha kama yametiwa mchanga.

Kaka yetu yupo hapa, safu ya tatu, mwenye gongo la kutembelea. Tunaomba umsalimie kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.