Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wanachama wa Klabu Yetu ya Bustani

Ndugu wanachama wenzangu, wazee wetu wa heshima, akina mama, akina baba, vijana, na watoto mnaokuja bustanini na makopo yenu ya kumwagilia, nawasalimu nyote. Krismasi imebisha hodi na mwaka unakunja jamvi. Kwa niaba ya mwenyekiti, mweka hazina na kamati nzima, nawatakia sikukuu njema yenye amani, afya na baraka tele. Mliosafiri, Mungu awafikishe salama na kuwarudisha salama. Kwa wenzetu ambao Krismasi si sikukuu yao, tunawatakia mapumziko mema na mwaka mpya wenye heri na fanaka.

Hizo ni salamu za kamati. Zinazofuata ni zangu mwenyewe, na naomba mnivumilie, maana barua ya mwaka huu imekuwa nzito kuiandika.

Mwaka huu umetuonyesha cha mtema kuni. Mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa kishindo na kukatika kabla maharage hayajashika maua. Mbegu na samadi vilipanda bei hadi wengine wakaacha nusu ya matuta yao wazi. Kati ya vikao 12 tulivyopanga, 4 vilivunjika kwa kukosa akidi, na siwalaumu wote waliokosa, kwa sababu najua mtu anayehangaikia riziki Jumamosi asubuhi hawezi kuketi akijadili mboji.

Kisha ukaja mnyauko. Mliokuwapo mnakumbuka. Nyanya zilizosimama vizuri asubuhi zilikuwa zimelala mchana, majani yakiwa bado mabichi, hayana doa. Jioni zinajiinua kidogo, nawe unapata matumaini. Siku ya tatu haziinuki tena. Tulikata kipande cha shina karibu na mzizi, tukakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, tukainama wote kuangalia. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, hadi chini ya glasi. Ulikuwa mnyauko bakteria. Mmea ukishashikwa hauna dawa, na vijidudu vyake hubaki udongoni kwa miaka. Tuling'oa matuta manne mazima, na mzee mmoja kati yetu aligeuka akatazama pembeni tulipoanza kuyachoma.

Lililoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumeonywa. Nimerudi kwenye muhtasari wa kikao cha mwaka juzi, nikakuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Bibi ashauri nyanya zihamishwe, misimu mitatu pale pale inatosha." Tukaandika, tukapitisha, tukapanda nyanya tena. Basi sasa na tukubaliane bila mjadala mrefu: matuta yale hayatapandwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, maana hao wote ni ukoo mmoja na wanaugua ugonjwa mmoja. Tutaweka mahindi, na tutakuwa na subira.

Bibi. Sijui nianzie wapi. Sote tulimwita hivyo, na wachache tu walilijua jina lake kamili hadi siku ya mazishi. Katika vikao aliketi pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vyake vikipukuchua maganda makavu, masikio yakiwa kwetu. Hakusema kitu mpaka tufike kwenye "mengineyo". Hapo ndipo angefungua kikapu na kutoa vipakiti vya karatasi, akimpa kila mmoja kile alichoona kinamfaa. Hakuuza hata punje moja. Mtu akimwuliza bei, alikunja kipakiti na kukirudisha kikapuni, na kumsihi hadi akitoe tena haikuwa kazi ndogo.

Naomba niseme langu hapa, kwa sababu nikilinyamazia nitakuwa nimewaandikia barua ya uongo. Miaka miwili iliyopita alinipa kipakiti kilichokunjwa kutoka jani la kalenda kuukuu. Juu yake aliandika kwa penseli: "Kunde ndefu. Wahi mvua." Nikakitia kwenye droo. Kila kikao aliniuliza, "Zimeotaje, mwanangu?" nami nikajibu, "Bado, Bibi, msimu ujao." Alipoanza kuumwa alimtuma mjukuu wake aniambie niende kwake na daftari, niandike majina ya mbegu zilizomo kwenye makopo yake. Nikasema nitakwenda Jumamosi, tukimaliza kikao. Alifariki Alhamisi.

Baada ya mazishi familia ilitukabidhi makopo hayo. Yako 23. Yenye majina ni 9. Mengine 14 aliyajua yeye kwa kuyatazama tu. Kila kopo lina majivu kidogo chini, na mbegu zimekaushwa kivulini kama alivyotufundisha, kwa sababu adui wa mbegu ni joto na unyevu. Wataalamu wa mbegu wana kanuni kwamba kila unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka karibu maradufu. Bibi hakuwa na kipimo cha asilimia. Aliing'ata mbegu ya kunde; ikipasuka kwa mlio mkavu, inaingia koponi; jino likizama, inarudi kwenye ungo.

Tumejaribu makopo machache. Unachukua punje 10, unazitandaza juu ya kitambaa kibichi, unakikunja na kukiweka mahali penye joto, na kila siku unahakikisha hakijakauka. Katika kopo moja punje 8 ziliota. Katika jingine, lenye mbegu ndogo nyeusi ambazo tunadhani ni za vitunguu, haikuota hata moja. Mbegu ya kitunguu haina maisha marefu; mwaka mmoja au miwili ikihifadhiwa kienyeji, imekwisha. Kama ile ilikuwa aina yake peke yake, na kama hakuna aliyepewa, basi tumezika vitu viwili siku ile.

Nimekuwa nikisoma mengi tangu hapo, labda kwa sababu ya majuto. Nikasoma habari za taasisi ya mbegu iliyojengwa na Nikolai Vavilov, mwanasayansi wa mimea wa Urusi, huko Leningrad, na jinsi mji huo ulivyozingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia mwaka 1941 hadi 1944. Vavilov mwenyewe wakati huo alikuwa gerezani, na alifia humo mwaka 1943. Watu wa mjini walikuwa wakifa kwa njaa, na watunzaji wa mbegu nao walikuwa wakifa, baadhi yao ndani ya jengo lile lile lililojaa mchele, ngano na karanga. Hawakuzila. Walijua kwamba zikiliwa hazirudi. Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya muda mrefu nikiifikiria droo yangu.

Nikasoma pia habari za ghala la mbegu la Svalbard, kule Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wenye barafu, ambako mbegu huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa na benki ya mbegu karibu na Aleppo, nchini Siria, hawakuweza tena kuitumia kwa sababu ya vita. Ila walikuwa wameshapeleka nakala za mbegu zao Svalbard. Wakaziomba, wakazipanda Lebanoni na Moroko, zikazaa, na baadaye wakarudisha ghalani fungu jipya. Zilipona kwa kuwa mtu aliamua kuzigawa mapema, siku ambazo hakuna aliyeona haja.

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo wangu ulipo katika msimu huu. Tunajifunza kuotesha, tunajifunza kupandikiza na kupalilia, lakini kutoa bado hatujajifunza. Kuna miongoni mwetu mwenye aina nzuri ya pilipili ambaye kila tukimwomba anasema zimeisha. Kuna anayejua kutengeneza mboji inayopata moto ndani ya siku tatu, mkono hauvumilii kuzama humo, na hajawahi kutuonyesha rundo lake. Kuna tuliogombana mwaka mzima kwa ajili ya mpira wa maji. Na nipo mimi, niliyepewa na nikafungia. Je, tunamwekea nani? Udongo hautukopeshi muda. Mchumia juani hulia kivulini, ni kweli, lakini kile kivuli kimepandwa na mtu aliyetutangulia, na wengi wao hawakukaa chini yake hata siku moja. Tukija vikaoni kuchukua miche na kuondoka kabla ya kufagia, tutakuwa na bustani, lakini klabu hatutakuwa nayo. Wazee wetu wangali wanatembea, wangali wanakuja, wanaketi pale pembeni. Waulizeni. Waulizeni wiki hii ya sikukuu, mkiwa mmeketi pamoja nyumbani: mbegu hii ulipewa na nani, unaipanda lini, unajuaje kwamba imekomaa? Andikeni majibu. Vijana, simu mnazo. Mrekodini babu akieleza, hata kama anaeleza kwa kuzunguka. Watoto wapeni tuta lao dogo na msilisahihishe kila mara. Na mwenye kinyongo na jirani yake wa tuta, sikukuu hii isimkute nacho. Mwendee umpe mche mmoja, mazungumzo yatafuata yenyewe.

Nimesema mengi, mnisamehe.

Zile kunde nilizipanda wiki moja baada ya mazishi. Nilizijaribu kwanza kwenye kitambaa. Kati ya 10 ziliota 7, baada ya miaka miwili ya kusahauliwa. Zimetambaa hadi juu ya fito, na maua yake ya zambarau hufunguka asubuhi na kufumba jua likipanda. Ganda moja nililipima kwa mkono wangu: linatoka ncha ya kidole hadi karibu na kiwiko. Nimeyaacha mengi yakauke kwenye mmea. Nilipopukuchua la kwanza nilijikuta nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kikao cha kwanza cha mwaka kitakuwa Jumamosi ya pili ya Januari, asubuhi, kabla jua halijawa kali, mahali petu pa siku zote. Ajenda ni kupokea hesabu za mwaka, kugawa matuta, na kuchagua atakayeshika daftari la mbegu. Kila mwanachama aje na kipakiti kimoja cha mbegu alizovuna mwenyewe, kikiwa na jina la mbegu, mwezi wa kuvuna na jina la aliyempa mbegu ya kwanza, kama anamkumbuka. Msilete mbegu mlizovuna kutoka kwenye chotara za dukani, kwa kuwa watoto wake hawafanani na mama yao. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi vilivyotoka kwenye matuta yaliyougua pia zibaki nyumbani.

Makopo 14 yasiyo na majina yatatandazwa juu ya mkeka. Kila aliyewahi kupokea kitu kutoka mkononi mwa Bibi, tafadhali asikose. Aje atazame, anuse, ashike, huenda akakumbuka. Familia yake pia imealikwa, na mjukuu wake amekubali kuja.

Kwa mara nyingine, kamati inawatakia Krismasi njema na Heri ya Mwaka Mpya. Mungu azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu. Vipakiti vya kunde ndefu viko tayari, punje 10 kwa kila mwanachama, na juu ya kila kimoja nimeandika jina kamili la Bibi.

Wenu,
Katibu