Kikao cha Jumamosi: ratiba za picha

Habari za jioni wazazi na walezi. Kikao cha Jumamosi kimesogezwa: sasa ni saa 4 asubuhi, darasani kwa watoto wetu, si ukumbini.

Tutatengeneza ratiba za picha, ili mtoto mwenye usonji aone mwenyewe kinachofuata (begi, daftari, kunawa, uji) bila kusubiri kushikwa mkono.

1. Mchango 5,000/= wa kuchapa picha, mwisho Alhamisi, kwa mweka hazina.
2. Pigeni picha za vitu halisi vya mtoto: chupa yake, viatu vyake.
3. Ukimwagiza kitu, subiri kidogo kabla ya kumsaidia. Asubuhi tunawahi daladala, najua, jaribuni jioni.

Dada anayebaki na mtoto nyumbani aje pia. Tafadhali andika NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 2 usiku.