YAH: PROGRAMU YENU KUNIMEGEA SHAMBA

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Kifungu cha usahihi wa vipimo katika mkataba wa programu yenu ya kupima maeneo mlikiandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Shamba langu ni mita 200 kwa mita 100. Mtoto wa darasa la nne atawaambia hizo ni mita za mraba 20,000, yaani ekari 4.94. Niliingiza koodineti (namba za mahali, x na y) za bikoni zote kumi, yaani alama za mpaka, kama mpima alivyoziandika, programu yenu ikatoa 17,500. Ekari 4.32! Mnunuzi amekaa, mjumbe amekaa, bei tumeshakubaliana milioni tatu kwa ekari.

Nikawapigia, nikaweka simu kwenye spika ili wote wasikie ufafanuzi. Kijana wenu akacheka. "Mzee, kompyuta haikosei hesabu. Labda shamba si kubwa kama ulivyoambiwa." Akakata.

Mnunuzi aliaga kwa adabu. Kufika jioni, sokoni wanasema nauza ekari hewa.

Usiku ule binti yangu, anayesoma kompyuta, aliandika mistari sita tu ya Python, lugha ya kuiagiza kompyuta. Mnajua fomula yenyewe: x ya kila bikoni unazidisha kwa y ya bikoni inayofuata, unatoa x ya inayofuata mara y ya hiyo ya kwanza, unajumlisha kuzunguka shamba lote mpaka urudi ulipoanzia, kisha unagawa kwa mbili. Jibu: 20,000. Ndipo akaniomba ile ripoti yenu niliyolipia. Bikoni zimeorodheshwa hivi: 1, 10, 2, 3, 4, na kuendelea. Mmezipanga kama maneno ya kamusi, si kama namba: 10 inaanza na 1, basi ikatangulia 2! Bikoni ya 10 imerukishwa hadi kati ya 1 na 2, na mstari wa mpaka unakata kona ya shamba. Pembetatu ya mita 50 kwa 100 imebaki nje. Nusu ya 50 mara 100: hizo ndizo mita za mraba 2,500 zangu, shilingi 1,860,000.

Nanyi mkanijibu kwa barua pepe kwamba mmejaribu kiwanja cha pembe nne na matokeo ni sahihi. Lazima yawe sahihi! Hadi bikoni tisa kosa halionekani. Jaribuni kumi.

Tena nilishawaandikia kabla ya haya yote, kuhusu shamba la jirani lenye bikoni kumi na mbili. Hamkujibu. Mngejibu, nisingefika siku ile.

Narudia ya siku ile, maana katika barua pepe yenu mmeiita "mawasiliano yasiyoridhisha". Nilikuwa nimekaa mbele ya mjumbe aliyenifahamu miaka thelathini. Simu iko mezani, spika imefunguliwa. Kijana hakuuliza namba ya akaunti wala idadi ya bikoni. Alicheka kwanza, ndipo akasema kompyuta haikosei. Mjumbe akainamisha macho. Kompyuta ilijumlisha vizuri kabisa, ndugu Meneja. Aliyeipa bikoni kwa mpangilio wa kijinga ni mtu, naye mnamlipa mshahara.

Naomba mrekebishe mpangilio huo na mnirudishie ada ya mwaka. Naomba pia barua yenye mhuri kwa mjumbe na kwa mnunuzi, ieleze kwamba kosa ni lenu. Na sasa ninavyoandika naona hiyo haitoshi: kila mteja mwenye bikoni kumi au zaidi aarifiwe, kwa sababu wapo waliokwisha kuuza kwa vipimo vyenu na hawajui walichopoteza. Mnunuzi asiporudi, hasara ya mauzo ni yenu.

Nawapa siku 14. Siku ya 15 ripoti yenu, ile mistari sita na barua hii vitakuwa Tume ya Ushindani, na nakala kwa wakili.

Kijana yule naye anipigie yeye mwenyewe. Mjumbe atakuwepo. Nitaweka spika.

Wenu, mteja hadi ada iishe,
Mwenye ekari 4.94