Kombo, kabla hujamfuata Khamis mlimani

Wete, Pemba

Kwako sahibu yangu Kombo,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Masika yameshika, na njia ya shamba ni tope tupu. Ujumbe wako nimeupata. Nimefurahi kuwa kazi ya Davos, huko Uswisi, imetimia, na nimecheka kusikia Khamis keshakualika mlimani hata viza hujaipata. Ndiye yeye huyo. Umeniuliza hiyo skii ya mlimani, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, ikoje, na kama ni jambo la kufanywa na mtu mwenye akili zake. Nitakusimulia siku moja tu, ile mimi na Khamis tuliyokwenda Schwarzhorn, mlima ulio karibu na Davos, mwezi wa Mei, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza ujue hizi ni skii mbili mbalimbali. Iko ile ya kiwanjani: mtambo unakupandisha, njia imesawazishwa usiku kwa mashine, ukianguka watu wapo. Hiyo ndiyo utakayojifunzia, tena msimu mzima wa baridi. Khamis akikwambia utazoea njiani, usimsikilize. Ya pili haina mtambo wala njia, unapanda kwa miguu yako. Chini ya kila skii unabandika ukanda wa manyoya wenye gundi. Manyoya yamelalia nyuma, kwa hiyo skii inakwenda mbele lakini hairudi nyuma. Zamani walitumia ngozi ya sili, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa angora. Wakati wa kupanda kisigino kinaachwa huru. Ukifika juu unabandua ukanda, unafunga kisigino, unashuka.

Jioni kabla ya safari Khamis alisoma taarifa ya maporomoko ya theluji. Taasisi inayoitoa iko hapo hapo Davos, na hatari wanaipima kwa ngazi tano. Msimu ule wa kuchipua utaona taarifa inasema asubuhi hatari ndogo, mchana imepanda. Basi kabla ya kulala alitoka nje kuangalia nyota. Nilidhani mashairi, kumbe ni hesabu. Usiku usio na mawingu theluji hupoteza joto lake angani, ikaganda juu. Likitanda wingu, joto halitoki, na asubuhi unakuta ujiuji. Angeona wingu tusingekwenda, na angelala bila kinyongo. Hilo nampendea.

Tuliondoka saa kumi usiku. Barabara ya Flüela, ambayo inapita mlimani kwenye mita 2,383 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa imeshafunguliwa, kwa hiyo gari lilitufikisha juu sana. Fikiria, Masingini, mahali pa juu kuliko pote Unguja, hapafiki mita 150! Pumzi inakuwa fupi hata kufunga viatu. Tuliswali alfajiri ubavuni mwa gari, wudhu tukiwa tumetoka nao nyumbani, na huko kibla ni kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu. Paji la uso lilikuwa barafu.

Kisha kila mmoja akawasha kifaa chake cha redio, kile kinachovaliwa kifuani ili aliyefukiwa na theluji aweze kutafutwa, na tukajaribu kama kimoja kinamsikia mwenzake. Mkobani mna beleshi na ufito wa kukunja wa kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa. Yakhe, hapa usipafanyie mzaha. Aliyefukiwa, robo saa ya kwanza ikipita matumaini yanashuka kwa kasi. Helikopta ipo, lakini hata ikiruka upesi mara nyingi itachelewa. Atakayekufukua ni yule uliyekwenda naye. Ndiyo maana nakwambia mtazame mtu kabla ya kuitazama hali ya hewa, na Khamis, pamoja na maneno yake mengi, ni mtu wa kumtegemea.

Kupanda kulikuwa kirefu na kimya. Theluji ilikuwa ngumu hata tukafunga meno ya chuma ubavuni mwa skii ili yaume. Mteremko ukizidi unakata zigizaga, na kila kona unageuza skii moja hewani huku umesimama juu ya nyingine. Hilo lilinitoa jasho kuliko mlima wenyewe.

Kileleni, mita 3,146, tulifika jua limeshapanda, na upande wa kusini safu ya milima ya Bernina inaonekana yote. Tukala mkate na tende. Mimi nilitaka kushuka, Khamis akakataa. Akachomeka fimbo kwenye theluji, ikagonga. "Bado." Tukakaa. Baada ya muda akachomeka tena, bado. Nikaanza kumchukia kidogo.

Wewe utamwelewa upesi kuliko mimi, kwa kuwa ni mtu wa pweza. Maji ya bamvua yakipwa, mwamba unaachwa wazi kwa muda wake. Ukitangulia unakuta maji, ukichelewa ukadanganywa na pweza, maji yanakukuta ukiwa mbali na ufuo. Theluji ya Mei ni hivyo hivyo. Asubuhi ni barafu, ukianguka hakuna cha kukuzuia. Jua likiipiga, unene wa vidole viwili hapo juu unalainika na kuwa chengachenga juu ya sakafu ngumu. Huo ndio wakati wake. Ukiupitisha, unazama mpaka magotini na mteremko mzima unaweza kuporomoka. Tena kila upande una saa yake: unaoelekea mashariki hulainika kwanza, wa magharibi baadaye.

Mara ya tatu fimbo ikaingia. Kombo, ule mshuko siwezi kuueleza sawasawa. Skii zinageuka zenyewe, chenga zinakwenda ssss pembeni yako, na unajikuta unacheka peke yako kama mwehu. Tulishuka mmoja mmoja, mwingine amesimama pa salama anamtazama mwenzake. Saa za kupanda ziliishia kwenye dakika chache za kushuka. Ukiona hesabu hiyo haikulipi, baki kiwanjani, hakuna atakayekucheka. Mimi ilinilipa.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa garini. Njiani tulipishana na watu wawili ndio kwanza wanapanda, Khamis akawaeleza kuwa wamechelewa, wakamshukuru, wakaendelea. Alinuna mpaka Davos.

Miwani ya jua nunua nzuri, na mafuta ya jua paka hata chini ya pua na kidevu, kwa kuwa mwanga unakupiga kutoka chini. Weusi wetu hautoshi kutukinga huko. Viatu usinunue, azima kwanza. Na kabla hujapanda boti pitia hapa Wete: Khamis ameagiza achari ya embe ya mama, chupa mbili, na hawezi kula chochote huko bila hiyo.

Wasalaam,
Faki